Nanga ya Tatu

Kwa miaka mingi nimesema kwamba Shabani ndiye aliyemuua Deo, yeye na Injinia Rwiza, na sijawahi kulisema kwa kunong'ona. Nimelisema kwenye kibanda changu cha kuziba pancha hapa Omurushaka, nimewaambia vijana wa bodaboda wanaosubiri tairi zao, nimemwambia padri, na siku moja nilimwambia Rwiza mwenyewe aliposimamisha gari kujaza upepo bila kunitambua. Alipandisha kioo akaondoka. Watu wamenizoea. Nikifungua mdomo tu wanasema, "Bosco kaanza na mnara wake," na kwa kuwa mguu wangu wa kulia haukunjiki, wananivumilia. Lakini wiki tatu zilizopita Bibi Kokugonza, aliyetupa malazi siku za ule mnara, alifariki kule Kyerwa, nikaenda kumzika, na huko msibani Shabani akanifuata nilipokaa akaniambia kwamba siku ile tulipopaka lami nanga ya tatu, yeye hakuwepo. Tangu hapo sijielewi. Kama hakuwepo, basi ni nani alitoa ile amri ambayo nimekuwa nikiisikia masikioni miaka yote hii? Ndiyo maana nimenunua daftari. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kuandika kwangu ni kama kupanda mlima na gunia, lakini nimeona nikiendelea kulizungusha jambo hili kichwani nitaokota makopo. Nauandika mwaka ule kama ninavyoukumbuka. Atakayesoma aamue, maana mimi nimeshindwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya, kote tulikuwa tunaita Karagwe. Nyuma ya kibanja cha Bibi Kokugonza, shamba lake la migomba, kulikuwa na kilima, na juu ya kilima mnara wa zamani wa mawasiliano, mwembamba, mrefu kuliko mkaratusi wowote, wa aina ile isiyoweza kusimama yenyewe. Ulishikiliwa na waya nene zilizoshuka kutoka juu kwenda pande tatu, na kila upande waya zilifungwa kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini, nene kama kifundo cha mkono, mguu wake ukiwa ndani ya zege huko chini na kichwa chake kimechomoza juu ya udongo. Fimbo hiyo ndiyo nanga. Nanga zilikuwa tatu, na ukiondoa moja mnara hauna cha kukaa. Kampuni ilitaka kupandisha antena mpya, nzito, juu ya mnara uleule, na kabla ya hapo ilitakiwa nanga zifukuliwe, zisuguliwe kutu, zipimwe, zipakwe lami na kufukiwa upya. Kazi ilisimamiwa na Injinia Rwiza, mtu wa kuja na gari asubuhi na kuondoka kabla jua halijawa kali. Fundi wake alikuwa Shabani wa hapahapa Omurushaka, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani. Shabani akatuchukua mimi na rafiki yangu Deo, kwa kuwa tulikuwa na mikono na hatukuwa na maswali mengi. Yaani mimi ndiye sikuwa na maswali. Deo alikuwa nayo.

Tulilala kwa Bibi, kwenye chumba cha uani alichotunzia kahawa. Mpaka leo nikipita karibu na gunia la kahawa ya maganda, ile harufu ya tunda lililochachuka likakauka, najikuta nageuka kumtafuta Deo. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lililozibwa kwa mfuko wa mbolea, na ukuta uliokitenganisha na jiko ulikuwa wa miti na udongo, umepasuka pale juu, hivyo maneno ya jikoni yalitufikia kama tumekaa nao. Bibi alikuwa mjane, anaishi na binti yake wa mwisho, Adelina, ambaye alikuwa anasubiri kwenda kusomea uuguzi. Jioni ya kwanza tulimsikia Adelina akisema kwa Kinyambo, "Mama, yule mrefu anakula kama anahama nchi." Yule mrefu ni Deo. Bibi akajibu, "Mwache ale, si ndiye anachimba?" Deo akapaza sauti kupitia ule ufa, "Tunasikia huku, Bibi!" Na Bibi, bila hata kupumzika, "Sikieni vizuri, ndiyo maana sinong'oni!" Kisha zikaja ndizi zimefunikwa kwa jani lake, na maharage, na kibuyu cha mramba, ile juisi ya ndizi kabla haijachacha, tukala tumekaa sebuleni kwenye nyasi mbichi alizokuwa akizitandika kila Jumamosi. Akatuuliza tunachimba nini huko juu. Deo akasema nanga. Bibi akacheka sana. "Nanga? Marehemu mume wangu alikuwa na nanga, akizipiga zile nyuzi wanaume wazima wanalia. Hiyo yenu inaimba nini?" Deo akasema, "Yetu ukiisikia inaimba, Bibi, kimbia." Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka maharage yakanipalia. Naandika hili na sijui kama nina haki ya kulikumbuka kwa furaha.

Shabani alitufundisha kazi kwenye nanga ya kwanza, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu ndani ya shimo. Naomba nimpe haki yake, alikuwa mwalimu. Alisema, "Angalieni. Juu kwenye upepo kutu inacheza tu, inapaka rangi. Ndani ya zege chuma kimelindwa. Panapoliwa ni hapa shingoni, kwenye udongo wenye maji na hewa, na pale kinapoingia kwenye zege. Mtu anapita miaka kumi anaona kichwa kizuri, anasema nanga nzima, kumbe shingo imebaki kama ya kuku." Deo akasema, "Kama yako, fundi." Shabani alikuwa na shingo nyembamba kweli, koromeo limetokeza. Akamrushia donge la udongo, akaendelea. Tufukue nanga moja moja, kamwe si mbili kwa pamoja. Tusugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Chuma kikishasuguliwa kisinyeshewe, kwa sababu kutu mpya ikikaa chini ya lami itakula humo ndani kimyakimya. Tupime. Tupake lami mara mbili, tuzungushe tepu ya mafuta, halafu tufukie kwa changarawe nyekundu ya kilimani, isiyoshika maji, si kwa udongo mweusi wa kibanja, na tuinue kituta ili mvua itiririke kwenda pembeni. Kichwa kibaki wazi, kisifunikwe na kitu.

Kupima kulikuwa na kifaa chake. Rwiza alijua hatuwezi kusoma vipimo vyake vya namba, hivyo alituchongea kipande cha chuma bapa chenye nafasi upande mmoja, kama mdomo wa bata uliofunguka, na sisi tukakiita hivyo, mdomo wa bata. Unausukuma kwenye shingo ya nanga. Ukigoma, chuma bado kina unene wake. Ukiingia, nanga imeliwa, na hapo kazi inasimama, anaitwa injinia, mtu asipande mnara. Hata mtoto angeelewa. Mimi nilielewa. Kulikuwa pia na madonge ya zinki. Donge linafungwa kwa waya kwenye nanga na kuzikwa pembeni yake, na kutu inalila lile donge kwanza na kuiacha nanga. Deo alilipenda sana jambo hilo, akaligeuza donge mkononi na kusema, "Huyu analiwa kwa niaba ya mwenzake, na wala hakuulizwa." Madonge yalitakiwa matatu. Rwiza alileta mawili, akasema la tatu linakuja. Hilo nalo namwandikia Rwiza, na sitalifuta hata Shabani aseme nini. La tatu halikuja mpaka leo.

Nanga mbili za kwanza zilikuwa upande wa kilimani kwenye mawe, tukazimaliza kiangazi, na mdomo wa bata ulizigomea zote. Ya tatu ilikuwa ukingoni mwa kibanja cha Bibi, chini kidogo ya mnara, na hapo ndipo ninapoanza kupotea. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa ukingo wa kibanja ni kitu gani. Sisi ardhi ya migomba haiachwi wazi. Unakata nyasi kilimani, unazitandaza, unaongeza samadi, majivu, maganda ya ndizi, kila mwaka juu ya mwaka, na mwanamke akiacha udongo wake uonekane karibu na njia, watu wanapita wakimwonea huruma au wakimcheka. Bibi alikuwa mtandazaji hodari wa kijiji kile. Tangu mnara ujengwe alikuwa ameitunza nanga ile kama mgomba wake mmojawapo. Aliifunika kwa nyasi na samadi mpaka kichwani. Hakuna aliyemwambia asifanye. Waliojenga walichimba, wakafukia, wakaondoka, na yeye akaona sehemu iko uchi akaivika.

Tulipofika na majembe alisimama juu yetu, mikono kiunoni. "Mwanangu, mnanivua nguo mbele ya watu," akaniambia. Akaniambia mimi, si Deo. Nikamwambia, "Tutakurudishia nyasi zako, Bibi, tukimaliza." Nilijua Shabani amekataza. Kichwa cha nanga kibaki wazi na kusiwe na samadi kukizunguka. Lakini wewe ungemwambia nini mama anayekulisha? Akaridhika, na kuanzia siku hiyo akawa anakata nyasi kule kilimani, upande wa pili wa mnara, akizirundika marundo marundo zikauke, tayari kwa siku nitakayotimiza neno langu. Sisi tukachimba. Zile nyasi za miaka zilikuwa zimegeuka nyeusi, laini, zenye joto la ndani na minyoo minene, na kutu kwenye ile nanga haikutoka kwa vumbi kama zile nyingine. Ilitoka kwa magamba, kama unabandua gome la mti. Deo alishika gamba moja akaliweka kwenye kiganja, akalitazama muda. Hakufanya utani. Ningetakiwa kujua kutokana na hilo tu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa vuli imeanza. Tumesugua tangu asubuhi, shingo inang'aa, na mchana wingu likapanda kutoka upande wa Rwanda, jeusi, haraka. Mdomo wa bata ulikuwa umebaki chumbani, kwenye mfuko, kule chini kwa Bibi. Deo akasema, "Tupime kwanza, nikimbie nikaulete." Hilo nina hakika nalo, naweza kuliapia. Halafu, kwa kumbukumbu zangu, Shabani amesimama ukingoni mwa shimo na mwavuli wa bluu, anasema, "Pakeni kwanza, mtapima kesho." Namwona. Naona maji yakidondoka kwenye ncha ya mwavuli. Tukapaka. Tulipaka kwa haraka, lami nzito, matone yakianza, tumefunika shimo kwa turubai na kulalia kingo zake wenyewe. Asubuhi yake nilichukua mdomo wa bata nikashuka shimoni peke yangu, Deo akiwa bado anakunywa uji, nikausukuma kwenye shingo. Ukagoma. Nikafurahi, nikasema moyoni, nzima. Nilikuwa nimeupima unene wa lami. Lami ilikuwa imekaa pale kama chapati mbili, na mimi nimesimama nafurahi. Nilijua? Kuna siku nasema nilijua kabisa, nikataka tu kazi iishe. Kuna siku nasema kijana wa darasa la nne angejuaje. Nikilala upande mmoja nasadiki hili, nikigeuka nasadiki lile. Deo aliniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Imegoma." Akaniangalia, akasema, "Na lami yake?" Nikamwambia aache ujuaji, anywe uji. Tukapaka mara ya pili, tukazungusha tepu, tukafukia.

Antena ilikuja msimu wa senene, watu wamejaa furaha ya kukaanga. Rwiza hakuja. Alikuwa amelala nyumba ya wageni hapa Omurushaka, akasaini karatasi hukohuko kwamba nanga zote zimekaguliwa, karatasi ikaletwa na dereva. Tulipanda asubuhi tulivu, bila upepo. Deo alikuwa juu kabisa, mimi niko chini yake, kimo cha kama nyumba mbili kutoka ardhini, nampitishia kamba, Shabani yuko ardhini kwenye mashine ya kuvuta. Deo alikuwa na mdomo siku hiyo. "Bosco!" anapiga kelele, "naona mpaka Rwanda, wanapika maharage, yameungua!" Na Shabani huko chini, "Fanya kazi wewe, maharage utakula ya Kokugonza!" Kisha nikasikia waya. Bibi aliuliza ile nanga yetu inaimba nini. Ni sauti moja nyembamba, ndefu, halafu mlio kama mtu amevunja kuni, na zile waya za upande wa kibanja zikalegea, zikashuka kama kamba ya kuanikia nguo. Nyingine mbili zikauvuta mnara upande wao, ukaanguka. Nilipiga kelele nisijue ninasema nini. Mimi mkanda wangu ulikatika nikarushwa, nikaangukia rundo la nyasi. Zile za Bibi, alizozikata kwa ajili ya ahadi yangu. Mguu ulivunjika pawili. Deo aliangukia mawe. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilikaa hospitalini Nyakahanga mpaka mwaka ukageuka, mguu umening'inizwa kwa uzito wa mawe. Shabani alikuja mara moja, akasimama mlangoni, sikumwangalia, na tangu siku hiyo shikamoo yake nimemnyima. Bibi alikuja kwa miguu na kwa lori la kahawa, na ndizi ndani ya jani, bado za moto katikati. Alinilisha kwa mkono wake. Tulipomaliza akakunja lile jani vizuri, akaliweka mapajani, akaniuliza. "Mwanangu, mtendaji amenisomea karatasi ya injinia. Inasema samadi yangu ndiyo imekula chuma. Wewe ulikuwa pale, uliona. Ni kweli?" Ningeweza kumwambia habari ya mdomo wa bata. Ningeweza kumwambia kwamba chuma kikiliwa hakiui mtu kama aliyepewa kukipima amekipima, ndiyo maana kunapimwa. Nikasema, "Ndivyo wanavyosema, Bibi, wenye shule." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaniaga vizuri. Hakulia. Na mimi nikageukia ukutani nikaanza hapohapo kuwataja Shabani na Rwiza, Shabani na Rwiza, na sijanyamaza mpaka wiki tatu zilizopita.

Msibani nilikaa pembeni, kwenye nyasi zilizotandikwa kwa wageni, sahani ya ndizi mapajani. Shabani amezeeka. Shingo yake sasa ni ya kuku kweli. Alinijia na fimbo, akakaa chini kwa shida, na kabla sijajua nianze wapi akatoa kitu kwenye mfuko wa koti, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka kati yetu. Mdomo wa bata. "Nimeutunza," akasema. "Nilijua siku moja msiba utatukutanisha." Nikamwambia sitaki vitu vyake, nikamwambia alivyotuambia tupake kwanza. Akanitazama kama mtu anayetafuta ufunguo. "Bosco, mimi siku ile sikuwepo. Nilikuwa kule Omurushaka tangu asubuhi, nimekwenda kumpigia Rwiza simu kwa ajili ya donge la tatu. Nimerudi kesho yake mchana nikakuta mmeshapaka." Nikamwambia nakumbuka mwavuli wake wa bluu. Akasema, "Mwavuli wa bluu nilinunua siku ya kumzika Deo, mvua ilitushika makaburini. Wewe ulikuwa hospitali." Kisha, polepole, "Nilikuja nao kukuona Nyakahanga. Ulikataa kugeuka, lakini nadhani uliuona."

Nilitafuta ile picha kichwani, Shabani ukingoni mwa shimo, maji kwenye ncha ya mwavuli, na bado ilikuwa pale, haikutoka, ila sasa nyuma yake kulikuwa na mlango wa wodi. Basi ni nani aliyesema "pakeni kwanza"? Hakuwa Deo. Nikatazama sahani yangu. Shabani hakuondoka. Akaendelea, na hili ndilo lililonimaliza. "Lakini sikiliza. Niliporudi nilikuuliza kama mmepima, ukasema imegoma. Nikauchukua huu kutoka kwenye mfuko wako." Akaugusa kwa kidole. "Midomo yake yote miwili ilikuwa na lami. Lami mbichi. Nikajua mmepima juu ya lami. Nikasema nitawaambia mbandue. Halafu nikafikiria mvua, nikafikiria Rwiza, nikasema labda. Sikusema kitu. Nimekaa na hilo labda." Niliufunua. Kweli, kwenye pembe za ndani lami bado ipo, imekauka, nyeusi, yenye ukoko. Hili ndilo ungamo nililolitaka miaka yote, Shabani akiri kwa mdomo wake. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumpiga nayo siku akikiri. Yote yalikuwa yameondoka. Alipoinuka kwenda, nilijisikia nasema "shikamoo," wakati wa kuagana, kama mtu asiye na akili. Akasimama kidogo. Akasema "marahaba," akaenda zake.

Nikatoka kwenda ukingoni mwa kibanja, nikiuvuta mguu. Migomba yote ilikuwa imevaa, nyasi nene, kazi ya mikono ya mtu anayejua, isipokuwa pale. Pale palikuwa na udongo mtupu, mgumu, umefagiliwa mpaka unang'aa, upana wa chumba, na katikati kisiki cha nanga kimechomoza kwenye zege, kimekatika shingoni. Adelina alinikuta hapo. Sasa ni mama mtu mzima, amevaa khanga ya msiba. Akasema, "Mama alikuwa anapafagia kila Jumamosi. Tumegombana naye sana. Wajukuu walikuwa wanaona aibu, watu wanapita wanauliza bibi yenu amechoka? Alikuwa anasema hapo pameua mtoto wa watu, pasiguswe na nyasi yake." Nikamwambia kwamba mama yake aliniuliza swali hospitalini na mimi nikamjibu vibaya. Nikamweleza yote, lami, mdomo wa bata, kwamba labda samadi ilikula chuma, ndiyo, ilikula, siwezi kukataa, lakini kilichomuua Deo kilikuwa na mikono, na miwili kati ya hiyo ni hii. Nikamwonyesha, sijui kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungemwambia yeye, Bosco. Mimi unaniambia ya nini?" Akarudi kwa wageni.

Nikapanda kilimani na panga la kuazima. Kukata nyasi na mguu usiokunjika ni kazi ya kuchekesha. Nilikata nimelala ubavu, kama ng'ombe mgonjwa, na nguo zangu za msiba. Nilishusha mizigo mitatu. Nilipokuwa natandaza wa pili, Adelina alikuwa amerudi, amesimama mikono kiunoni kama mama yake. "Hutandazi hivyo, unarundika," akasema. "Anzia chini, uende juu, zisisombwe na mvua." Akainama akanionyesha, kisha hakuinuka tena, tukafanya pamoja, mpaka tukafika katikati, kwenye kisiki. Hapo nilisimama. Nikaanza kuacha nafasi kukizunguka, upana wa hatua, nikizisukuma nyasi nyuma kwa mikono kama tulivyofundishwa, kichwa kibaki wazi, kisifunikwe na kitu.

Adelina akanitazama. "Unafanya nini?"

"Hapa huwa hapafunikwi."

"Kinashika nini sasa hivi hicho?"

Nikafikiri. Nikasema, "Hakishiki kitu."

"Basi funika," akasema, akanipa nyasi.